Mwache Kinyozi Ajibu Mwenyewe

Kwa miaka thelathini na minne, Kinyozi alimwamsha mkewe kila asubuhi kwa maneno yale yale. "Wembe, kumekucha."

Jina hilo alimpa mwaka wa kwanza wa ndoa yao, kwa sababu ya ulimi wake mkali. Mke alisonya kidogo, akajifanya amekasirika, kisha akaamka na kuteleka maji ya chai. Mbele za watu aliitwa Mama, kama wanawake wengine wa mtaa ule. Wembe lilikuwa jina la chumbani na jikoni, na hata binti yao hakulijua.

Siku hizi Mama aliamka mwenyewe. Ilikuwa wiki ya tatu sasa, hakuna aliyemwita.

Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa duka la kunyolea. Kilikuwa na kiti kimoja, kioo kimoja na mlango wa chuma unaovutwa juu. Mlango ule ulikuwa umeshika kutu, ukawa unafika nusu tu na kugoma. Kila siku Kinyozi aliinama kuupita, na kila siku aliahidi kuutengeneza kesho. Asubuhi moja aliinama kidogo mno, akajigonga utosini. Aliona nyota, akaulaani mlango, akacheka. Damu haikutoka. Mama alimkanda kwa kitambaa cha maji baridi, na wote wawili wakasahau.

Wiki tatu zikapita salama. Kisha kichwa kikaanza kumuuma asubuhi. Akawa anasinzia mchana, mteja yuko kitini. Kitana kilimponyoka mkono wa kushoto mara kwa mara. Siku moja Mwalimu, mteja wake wa miaka mingi, alirudi dukani ameficha upande mmoja wa kichwa kwa mkono. Nywele za upande mmoja zilikuwa zimenyolewa mpaka juu, za upande wa pili hazikuguswa. Mwalimu alifanya mzaha, akasubiri mzaha wa kurudishiwa. Kinyozi alimtazama tu. Mtu aliyekuwa na mdomo kuliko redio akaendelea kukunja taulo.

Hapo Mama akaanza kumfichia. Wateja aliwaambia kwamba mzee ana mafua. Binti yao, anayefanya kazi mji mwingine, alipopiga simu, Mama alimwambia baba amelala, na kweli alikuwa amelala. Asubuhi alimfunga vifungo vya shati. Mtu akimsalimu mumewe njiani, Mama aliwahi kuitikia kabla Kinyozi hajafungua kinywa. Alifanya hayo kwa mapenzi. Hakutaka mtu amcheke mume wake.

Moyoni alijiambia kwamba uzee umebisha hodi. Siku nyingine alijiambia kwamba mumewe amemchoka. Alimkumbuka sana. Alikumbuka utani wake, maneno yake mengi, na sauti yake ya alfajiri. Lililomuuma zaidi ni kwamba mtu aliyemkumbuka alikuwa amekaa palepale, kiti cha pili, anakunywa chai.

Jumatano moja walikwenda kituo cha afya. Ilikuwa siku ya Kinyozi kupimwa presha, kama kila mwezi. Njia ya dakika kumi iliwachukua nusu saa. Mguu wake wa kushoto ulijikokota. Kandambili ilimvuka mguuni, naye akaendelea kutembea bila habari. Mama aliiokota, akamvalisha, akatazama huku na huku kama kuna aliyeona.

Aliyeona yupo. Muuguzi alikuwa mlangoni, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba. Hakukimbilia kipimo cha presha. Alimtazama Kinyozi anavyotembea, anavyokaa, na anavyohangaika kupata mkono wa kiti. Kisha akaanza kumuuliza maswali mepesi. Jina lako nani, mzee? Mama akajibu. Leo ni siku gani? Mama akasema Jumatano. Hapa tupo wapi? Mama akasema kituo cha afya, Sista.

Muuguzi aliweka kalamu mezani.

"Mama, mpaka hapa nimekupima wewe, na wewe ni mzima kabisa. Sasa mwache mzee ajibu mwenyewe."

Mama alijitetea. Alisema mzee amechoka na njia, na kwamba siku hizi si msemaji. Muuguzi hakumkaripia. Alimwambia kwamba nyumbani kumjibia ni kumsaidia, lakini hapa ni kuuficha ugonjwa. Mgonjwa akikosea, hiyo si aibu. Kosa lenyewe ndilo analolitafuta. Akakisogeza kiti cha Mama pembeni, ili Kinyozi asiuone mdomo wake.

Akarudia maswali. Jina lake Kinyozi alilijua. Siku, alisema Ijumaa. Mahali, alisema dukani. Mama aliuma ncha ya mtandio.

"Na huyu mama uliyekuja naye," Muuguzi akauliza, "ni nani?"

Kinyozi aligeuka taratibu. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu, kisha akatabasamu kwa adabu, kama anavyomtabasamia mteja mgeni.

"Ni mama mmoja mwema," alisema. "Ananifunga vifungo."

Mama aliinamisha uso, machozi yakamdondokea mapajani. Muuguzi alimshika bega, akamwachia nafasi kidogo. Kisha akaendelea na kazi, kwa sababu sasa alijua kwamba muda ni wa thamani.

Alimulika tochi jicho moja, halafu la pili. Mboni zote mbili zilikuwa sawa, na zilisinyaa kwa mwanga. Alimwambia atabasamu na kuonyesha meno, na pembe ya kushoto ya mdomo ikachelewa kidogo. Alimpa vidole vyake avibane kwa mikono yote miwili. Mkono wa kulia ulibana sawasawa, wa kushoto ulikuwa legelege. Kisha akamwambia anyooshe mikono mbele, viganja viangalie juu, na afumbe macho. Akahesabu moja mpaka kumi. Alipofika sita, mkono wa kushoto ulianza kugeuka na kushuka polepole. Kinyozi mwenyewe hakujua. Alikaa amefumba macho, anaamini mikono yote iko juu.

Muuguzi akamwambia asukume kwa miguu, mmoja mmoja. Akapima presha, mapigo ya moyo, pumzi na joto la mwili. Alimchoma kidole kidogo kupima sukari, akieleza kwamba sukari ikishuka nayo humchanganya mtu. Sukari ilikuwa sawa. Kila alichopima alikiandika pamoja na saa.

Kisha akamgeukia Mama. "Sasa hapa ndipo nakutaka ujibu wewe, na usinifiche kitu. Mzee ameanguka au amejigonga kichwa? Hata kama ni wiki nyingi zilizopita."

Mama alitaka kusema hapana. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Ndipo akaukumbuka mlango wa chuma.

Akasema yote. Alisema kuhusu mlango, kichwa kuuma, usingizi wa mchana, kitana, kandambili, na kwamba jana mzee alitapika. Alivyozidi kusema ndivyo alivyoona mambo yanavyofuatana, moja nyuma ya jingine, na yeye alikuwa akiyafunika moja moja.

"Nilidhani ni uzee, Sista."

"Uzee hauji kwa wiki tatu, Mama."

Muuguzi alimweleza kwa maneno mepesi. Mtu mzima akijigonga kichwa, hata kidogo, mshipa mdogo ndani ya fuvu unaweza kupasuka. Damu huvuja polepole kwa siku au wiki nyingi, ikaubana ubongo. Kwa nje hakuna jeraha. Hakuna anayeweza kuwa na uhakika mpaka kichwa kipigwe picha, na huenda ikawa kiharusi au jambo jingine. Vyovyote vile, mzee anatakiwa hospitali kubwa leo, si kesho. Kama ni damu, mara nyingi madaktari huweza kuitoa. Tena asile wala asinywe kitu mpaka daktari amwone.

Akaita gari la wagonjwa. Walipokuwa wakilisubiri, alirudia maswali, tochi na vidole kila baada ya dakika chache. Mama aliuliza kwa nini anapima tena na tena. Muuguzi alisema mgonjwa wa kichwa hubadilika, na mabadiliko huonekana kwa anayerudia kutazama.

Kule hospitali kubwa, picha ilionyesha damu imeubana upande wa kulia wa ubongo, unaoongoza mkono wa kushoto, ndiyo maana mkono huo ulilegea. Jioni ile ile madaktari walitoboa tundu dogo kwenye fuvu, wakaitoa damu. Siku ya tatu Kinyozi aliomba kioo. Alijitazama, akagusa sehemu waliyomnyoa, akauliza ni nani aliyeiharibu kazi ile. Wagonjwa wote wa chumba kile walicheka. Mama alicheka na kulia kwa pamoja.

Lakini Kinyozi jina lile la chumbani hakulitaja. Alimwita "wewe", akamwita "Mama". Akarudi nyumbani, bado kimya alfajiri. Mama angeweza kumkumbusha. Lilikuwa neno moja tu. Alilitamani kama mtu anavyotamani maji, lakini hakulisema. Alitaka litoke kwa mumewe mwenyewe. Asubuhi alikaa mikono mapajani, akamwacha afunge vifungo vyake kwa robo saa nzima. Salamu za njiani alimwachia aitikie. Binti alipopiga simu, alimpa baba yake simu, akatoka nje. Naye Mwalimu alileta fundi, mlango ukatiwa mafuta, sasa unafika juu kabisa.

Baada ya wiki mbili walirudi kwa Muuguzi. Kandambili zote mbili zilifika zikiwa miguuni. Kinyozi alibana vidole mpaka Muuguzi akaomba msamaha. Alifumba macho, mikono ikakaa juu, moja mpaka kumi. Siku aliijua. Mahali alipajua.

"Na huyu ni nani?"

Kinyozi aligeuka. Alimtazama mkewe, kuanzia mtandio mpaka miguuni. Mama alikuwa na jibu kwenye ncha ya ulimi, na ulimi wenyewe akaukaza kwa meno. Muuguzi naye hakumsaidia mtu.

"Huyu?" Kinyozi akasema. "Huyu ni Wembe. Nashangaa leo amenyamaza. Mpime na yeye."

Muuguzi aliuliza aandike nini. Kinyozi akamjibu kwamba aandike hivyo hivyo, ndilo jina lake.

Mama alisonya kidogo, akajifanya amekasirika. Kisha akavuta ncha ya mtandio, akafuta macho.