Simu ya Alhamisi kutoka Mutsamudu

Jumamosi ile soko la Volo Volo lilikuwa limefurika hadi barabarani. Faouzia Mikidache alikuwa ametoka kununua vitunguu, akasimamishwa na ugomvi mbele ya duka la vyuma. Kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, kofia ya kutarizi imeelemea sikio moja, alikuwa ameining'iniza chupa ya maji kwenye mizani ya ndoano na anamwambia mwenye duka kwamba mizani inadanganya.

"Chupa tupu nimeipima kwanza, nikaitoa kwenye hesabu. Maji ni lita moja. Hii yako inasema kilo na gramu hamsini!"

"Gramu hamsini, bwana? Kwani unapima dhahabu?"

"Napima maziwa ya kondoo."

Watu wakaangua kicheko. Maziwa ya kondoo! Ya mbuzi wanayajua, ya ng'ombe wanayajua.

"Chekeni tu," kijana akasema, naye akitabasamu. "Nikikosea gramu hamsini, kuna mzee mmoja hapa Moroni, ofisi ya mifugo, ataniandikia barua ya kurasa mbili. F. Mikidache. Sijamwona, lakini lazima ana miwani mizito na tumbo la gesi."

Faouzia akaziba mdomo kwa ncha ya leso yake ya rangi ya zambarau. Angeweza kuondoka. Badala yake akasogea.

"Huyo mzee hakukuandikia kuhusu kondoo namba thelathini na moja?"

Kijana akageuka. "Umejuaje?"

"Uliandika ametoa gramu mia tisa asubuhi moja. Nikajiuliza kama hukumkamua ng'ombe kwa bahati mbaya."

Kijana alimtazama usoni, penye liwa ya msandali iliyokauka mashavuni, kisha akautazama mkoba wake uliojaa vitunguu. Masikio yake yalibadilika rangi.

"Wewe ndiye F. Mikidache?"

"Faouzia. Tumbo la gesi sina. Miwani nimeiacha ofisini."

Mwenye duka alipunguza bei ya mizani bila kuombwa, kwa kuwa alikuwa hajacheka hivyo tangu Ramadhani.

Ulikuwa mwaka 1983, wa tano tangu mamluki wa Kizungu waliposhuka ufukweni na kuipindua serikali, na sasa wao ndio waliowaongoza askari. Faouzia alikuwa na miaka ishirini na saba. Alizaliwa Majunga, Madagaska, kwa wazazi Wakomoro, na huko alisomea mifugo. Mwaka 1977, baada ya Wakomoro kuuawa mitaani Majunga, yeye na mama yake walirudishwa Komoro kwa ndege pamoja na maelfu wengine, na kila kilichokuwa chao kikabaki kule. Tangu hapo walipanga vyumba viwili Badjanani, mtaa wa Moroni, katika kichochoro chembamba karibu na Msikiti wa Ijumaa.

Kazi yake ilikuwa hesabu. Kijijini Patsy, juu ya mji wa Mutsamudu katika kisiwa cha Nzwani, wafugaji waliungana kutafuta kondoo wenye maziwa mengi. Maoulida, kijana yule wa mizani, alipita kwenye mazizi kila baada ya wiki mbili, akapima maziwa ya kila kondoo asubuhi na jioni, akajaza fomu. Faouzia alizipokea fomu Moroni, akatafuta kondoo dume yupi kati ya watano ana damu ya maziwa. Dume hakamuliwi. Basi lazima uwatazame binti zake: wanatoa kiasi gani wakilinganishwa na wenzao wa zizi lile lile, wa umri ule ule, waliozaa mwezi ule ule. Kile wanachozidi au kupungukiwa, ukishaondoa malisho na bahati, ndicho alichowapa baba yao. Faouzia alikiita thamani ya uzazi, na alikitafuta kwa kalamu ya risasi, karatasi za mirabaraba na subira.

Baada ya Volo Volo, Maoulida aliacha kungoja meli ichukue fomu. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, aliteremka hadi posta ya Mutsamudu, akapiga simu.

"Namba kumi na nne, mia nne na ishirini. Namba kumi na tano, mia tatu na themanini. Namba kumi na sita, umekula?"

"Namba kumi na sita imekula," Faouzia alijibu, akizuia kicheko mbele ya wenzake. "Samaki na ndizi. Endelea."

"Namba kumi na saba, mia tano. Sauti yako leo ina mafua, roho yangu."

"Maoulida! Simu hii si yetu peke yetu."

"Wanaosikiliza nao wana wapenzi wao."

Maoulida alimtania jinsi anavyotamka maneno kama watu wa Majunga. Naye akamwambia watu wa Nzwani wanaimba badala ya kusema. Mara tatu katika mwaka ule Maoulida alikuja Moroni. Walitembea Badjanani mchana kweupe, umbali wa heshima kati yao, na mama yake Faouzia akikohoa dirishani kila walipopita. Mara ya tatu Maoulida alisema atamtuma mjomba wake, Tadjidine, aje kumposa. Mjomba huyo ndiye aliyemlea, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wafugaji wa Patsy. Faouzia alisema mama yake hupenda wageni wanaotuma habari kabla hawajafika. Maoulida akaelewa kuwa ni ndiyo.

Mwezi uliofuata hesabu ya madume ikakamilika. Dume la Tadjidine lilikuwa fahari ya Patsy: shingo nene, sufu nyeupe, pembe zimejikunja mara mbili, na nusu ya kijiji ililipelekea majike yao. Lilishika mkia. Binti zake walitoa gramu sitini pungufu kwa siku kuliko wenzao. La kwanza lilikuwa dume dogo la mjane Rahmati, lenye mgongo uliobonyea. Faouzia alirudia hesabu siku tatu. Jibu halikusogea. Akamtumia Maoulida nakala kabla ya kuitangaza kwa wafugaji.

Alhamisi Maoulida hakusoma namba.

"Hukukosea?"

"Fomu ni zako. Wewe umekosea?"

"Mimi sikukosea. Lakini huyu ndiye mtu ninayetaka aje mlangoni kwenu. Huwezi kungoja mwaka mmoja kuitangaza?"

"Mwaka mmoja watazaliwa wanakondoo mia wa dume lile. Nani atawaambia wenyewe kwamba nilijua nikanyamaza?"

"Nakuomba kitu kidogo."

"Hapana. Unaniomba niandike uongo, kisha nikae nao ndani ya nyumba."

Simu ikakatika. Faouzia hakujua kama ni laini au ni mkono wa Maoulida.

Alhamisi mbili za zamu zilizofuata simu haikulia. Haikulia na ya tatu. Faouzia hakulia mbele ya mtu. Alifanya kazi, alinunua vitunguu, alimjibu mama yake kwamba kondoo hawajambo. Alijiambia Maoulida amemchagua mjomba wake, na hilo linaeleweka. Lakini mwili haukukubali: alikonda, hata pete ya fedha ikawa inamtoka kidoleni akinawa. Ofisi ilipohitaji mtu wa kuwaeleza wafugaji matokeo, alijitolea yeye. Alipanda ndege ndogo asubuhi ya Jumapili, kutoka uwanjani akapanda gari hadi Patsy.

Alimkuta Maoulida zizini kwa Rahmati, amechutama, ndoo imening'inia kwenye mizani ya Volo Volo. Alikuwa amenyolewa kichwa, na chini ya jicho lake la kushoto palikuwa na kovu bichi.

"Mia tano na kumi," Maoulida alisema kabla hajasimama, akaiandika kwanza. Kisha akasimama. "Hukupaswa kuja."

"Ungenipigia nisingekuja."

Mama Rahmati akakumbuka ghafla kwamba ana sufuria jikoni.

Maoulida alieleza kwa ufupi. Siku mbili baada ya ugomvi wao, askari walimfuata nyumbani. Afisa wa Kizungu alikuwa na karatasi zenye maneno yao ya simu, mwaka mzima. Namba kumi na nne ni nani? Mia nne na ishirini ni bunduki au ni watu? Kwa nini namba kumi na sita imekula samaki? Walimweka ndani siku nne. Siku ya tano walipanda naye Patsy, wakamwamuru akamue mbele yao, wakaona namba kumi na nne ni kondoo mwenye kikohozi. Wakamwachia, wakamkataza kugusa simu ya Moroni.

"Waliniuliza nani anapokea hizo namba. Karatasi zao hazina sauti; nikawaambia ni mzee mmoja, tena amestaafu."

"Barua je? Hata neno moja?"

"Barua wanazifungua. Sikutaka jina lako likae kwenye karatasi yao."

Faouzia alilitazama lile kovu. Alitaka kuligusa, hakuligusa. Wanawake wawili walikuwa wanapita na majani ya kondoo. "Nilidhani umemchagua mjomba wako."

"Nilikosea siku ile, hilo ni kweli. Nilikosea mimi, si hesabu." Akamwonyesha fomu tatu, zimejazwa zote. "Sikuacha kupima."

Mkutano ulifanyika alasiri, uani kwa Tadjidine. Mzee mwenyewe, katika kanzu ya rangi ya maziwa, alimsikiliza Faouzia mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole uliowatisha wote.

"Dume langu halitoi maziwa, binti yangu. Wewe umelikamua wapi?"

Wanaume wakacheka. Faouzia alingoja wamalize.

"Nimewakamua binti zake arobaini na mbili, mzee. Mwaka mzima."

"Malisho ya upande wangu ni makavu."

"Ndiyo maana sikuwalinganisha na wa Mama Rahmati. Kila mmoja nimemlinganisha na wenzake waliokula majani yale yale. Hata zizini mwako, mzee, binti za dume jingine wanawazidi wa dume lako."

Kisha mfugaji mmoja, Chanfi, akasema bila kumtazama mwenyekiti kwamba mke wake huyasema hayo miaka mitatu sasa. Na mwingine akasema wake pia. Tadjidine aliinuka, akaingia ndani, hakutoka tena. Faouzia alirudi Moroni kesho yake. Uwanjani Maoulida alimbebea mkoba; wote wawili waliamini kwamba ile posa imekwisha.

Wiki saba baadaye, baada ya sala ya Ijumaa, Tadjidine alisimama kwenye kichochoro cha Badjanani, amevaa joho jeusi, wazee wawili nyuma yake. Mama yake Faouzia aliwatandikia mkeka, akatoa chai. Faouzia alisikiliza nyuma ya pazia.

"Nimekuja kumwombea mwanangu," Tadjidine alisema. "Ila mjue kabisa, binti yenu amenifanya nilichinje dume langu."

"Basi mbona mmekuja, mzee?" mama akauliza.

"Majirani zangu walijua miaka mitatu, wakala kwangu wakanyamaza. Yeye aliniambia mchana, mbele yangu. Mtu wa namna hiyo namtaka nyumbani."

Mama akasema kwamba kwa desturi nyumba hutolewa na upande wa bibi harusi, na wao hawana. Yao ilibaki Majunga na vyombo vyake. Tadjidine alisema wanalijua hilo, na kiwanja kipo Mutsamudu, kwa jina la msichana, akikubali kuhamia huko.

Faouzia akatoka. Haikuwa desturi, lakini alitoka.

"Nitakwenda, mama. Si mbali. Ni safari fupi tu ya ndege."

Mama yake alikuwa anamimina chai. Hakuinua macho.

"Hata Majunga haikuwa mbali," alisema.

Faouzia alikaa chini kwenye mkeka, bega lake kwenye goti la mama yake, akabaki hapo mpaka wageni walipomaliza kunywa. Walipokuwa wanavaa viatu mlangoni, mama ndiye aliyempa Tadjidine jibu. Alisema ndiyo, akamwomba mwezi mmoja zaidi wa kukaa na mtoto wake.