Barua Ndani ya Daftari la Sabina

Foleni ya sukari ilikuwa imelizunguka duka la ushirika mpaka karibu na stendi ya Mtwara. Sabina, opereta wa simu bandarini, alisimama katikati yake na gauni lake la maua ya njano, akikariri Kiingereza. Mwaka huo, 1975, alitaka kufanya mtihani wa kupandishwa cheo, na maneno ya Kiingereza yalikuwa yakimtoa jasho. Neno lile lile leo kitendo, kesho jina, keshokutwa sifa, na kila mara limebadili mkia!

“Admire, admiration, admirative,” alinong'ona.

“Admirable,” ilisema sauti nyuma yake.

Akageuka. Kijana mrefu, shati la kitenge, suruali ya bugaluu, pana miguuni, iliyopigwa pasi ikapigika, na kikapu cha sokoni mkononi.

“Kaka, umeombwa?”

“Sikuombwa, dada. Ila nikinyamaza utafeli, na mimi ndiye Mwalimu Filipo wa masomo ya jioni. Aibu itakuwa yangu.”

Sabina alicheka mpaka foleni ikampita. Wiki iliyofuata akajiandikisha.

Filipo alikuwa na utaratibu wake: kila neno litungiwe sentensi tatu, ya kitendo, ya jina na ya sifa, zote za kweli na zote kumhusu anayeandika. Hatari tupu! Kwa neno “admire” Sabina aliandika kwamba kuna mwalimu anamhusudu, kwamba kuhusudu huko kunamnyima usingizi, na kwamba hata kikapu chake kinahusudika. Filipo akatia vema tatu za wino mwekundu, akaongeza chini: “Mwalimu naye hajalala.” Basi, Jumapili zikawa za kutembea ufukweni Shangani, na simu ya bandarini ikazoea namba ya shule.

Filipo hakutaka mzaha. Alimtuma mshenga na barua ya posa kwa Petro, baba mdogo wa Sabina, aliyekuwa akimlea. Kwa desturi bahasha haifunguliwi mpaka wazee wakae, na binti haambiwi kitu. Petro, akimsubiri kaka yake atoke Masasi Jumapili, aliichomeka barua kwenye daftari la kwanza aliloliona mezani, isije ikakunjika. Lilikuwa daftari la Sabina. Jumatano jioni Sabina akalibeba mbio, akaliweka kwenye rundo la kusahihishwa, wala hakulifunua.

Filipo alipolifungua, akakuta barua yake mwenyewe, gundi haijaguswa. Posa ikirudi hivyo, maana yake umekataliwa.

Alhamisi Sabina alipiga simu. “Mpenzi, mbona kimya?”

“Nimepata jibu lako, Sabina.”

“Jibu gani?”

“Usinitese, tafadhali.” Simu ikakatwa.

Sabina alilia huku akiunganisha simu za watu. Ijumaa akasikia Filipo amebadilishana kituo na mwalimu wa Newala, anaondoka kesho na basi la saa sita. Ana mwanamke huko, alijiambia, na moyo ukamuuma vibaya sana.

Jumamosi asubuhi alimkuta Petro kainua magodoro.

“Baba mdogo, unatafuta nini?”

“Lile daftari lako la Kiingereza liko wapi?”

“Kwa mwalimu, tangu Jumatano.”

Petro akakaa kitako sakafuni. “Basi, mwanangu, nimekuharibia. Ndani yake mlikuwa na posa ya Filipo.”

Sabina hakuvaa hata viatu. Alikimbia mpaka bandarini, akaisukuma plagi kwenye namba ya shule, alikokuwa Filipo akiaga. Saa tano na nusu!

“Filipo, usikate! Sikuiona! Naapa kwa Mungu, baba mdogo aliificha kwenye daftari!”

“Hukuirudisha?”

“Ningeirudisha vipi, wewe mwanamume, wakati nimeingoja toka siku ya sukari?”

“Nilishafunga mizigo, Sabina.”

“Ifungue! Uje na hiyo barua kabla sijakufuata huko huko stendi, peku!”

Filipo alicheka, na Sabina akajua haendi popote.

Jumapili wazee walikaa sebuleni kwa Petro. Bahasha ikafunguliwa, barua ikasomwa. Baba mkubwa wa Masasi akamtazama Sabina, aliyepaswa kuinamisha kichwa na kujibu kwa sauti ya chini.

“Binti, kijana huyu unamfahamu?”

“Namfahamu, baba mkubwa,” akasema Sabina, kichwa juu, sauti ikafika mpaka barazani alikoketi Filipo. “Na ninamtaka.”