Mpaka Akatae Maji

Trela iliteleza kwanza, trakta ikafuata, kama bwana anayemfuata mke aliyekasirika: hataki, lakini ataenda. Weldon dereva alikanyaga breki, akaliita jina la Mungu, akakanyaga tena. Gurudumu moja likabaki linaning'inia juu ya mtaro. Mbele yao, pale palipokuwa na daraja la mbao asubuhi, palipita maji ya rangi ya udongo, mbio mbio, kama yameitwa kortini.

Ilikuwa Novemba ya mwaka wa tisini na saba, wakati wa mvua ile ambayo redio iliiita El Niño na watu wa Boito waliipa majina mengine yasiyotajwa kanisani.

Juu ya majani mabichi ndani ya trela walikuwa wamekaa wanawake wawili. Kati yao kulikuwa na kikapu cha kuchumia chai, na ndani ya kikapu mlikuwa na mbwa.

Mwenye mbwa alikuwa Rodah, mjane wa Kipkurui, mwenye miaka sitini na kitu. Hicho kitu hakuwa anakitaja. Mbwa aliitwa Karani, kwa sababu kila siku ya kupima majani alienda kituoni, akakaa kando ya mizani na kukitazama kila kikapu kwa dharau, mpaka karani wa kweli akalalamika kwamba huyu mnyama anataka kazi yake.

Sasa Karani alikuwa siku ya tano bila kula. Ufizi wake ulikuwa mweupe kama unga wa mahindi, na mkojo wake mweusi kama chai ya rangi iliyochemshwa mara tatu. Ni ugonjwa wa kupe, kila mfugaji aliujua. Kwa mbwa mgonjwa majirani walikuwa na dawa moja tu, nayo ni rungu. Rodah alipokataa, walicheka. "Leo anapeleka mbwa kwa daktari," walisema. "Kesho atapeleka jogoo akang'olewe jino."

Daktari wa mifugo, Hezekiah, alikuja upande huo Jumatano pekee, kwenye josho la ng'ombe nyuma ya kilima cha shamba kubwa la chai. Saa kumi na mbili jioni alipanda pikipiki yake na kwenda zake. Leo ilikuwa Jumatano. Ijayo Karani hangeiona.

"Mama, rudini nyumbani," Weldon alisema, akiutazama mto. "Mimi nangoja wanivute."

"Josho liko ng'ambo ya mto?" Rodah aliuliza.

"Hapana, ni upande huu huu, lakini nyuma ya kilima. Huu mto umekizunguka kama mshipi."

"Basi sisi tunapanda na kushuka." Rodah aliupitisha mkanda wa kikapu kwenye paji la uso, akainuka. Karani hakutoa sauti. "Mama Valary, wewe rudi."

Mama Valary ni Drusilla, Mkisii kutoka upande wa Chepilat, aliyeolewa Boito, kwa watu wa kabila jingine, akiwa msichana na kuzeekea hapo. Alikuwa amesema kwamba amekuja kwa sababu moja tu, kucheka.

"Nirudi na sijacheka bado?" alisema. Aliokota fito, ule mti mrefu wa kulazwa juu ya chai ili wachumaji wachume sawasawa, akaufanya mkongojo. "Twende, Bot Fancy," akamwambia Rodah, yaani Mama Fancy kwa lugha ya Boito. "Hiyo mbwa yako inanuka."

Walifika juu saa nane na nusu. Hapo ukungu ukashuka.

Haukushuka kama ukungu wa asubuhi, ambao huja taratibu na kubisha hodi. Huu ulikuja kama blanketi ya maji iliyotupwa kichwani. Mikaratusi ikapotea, kilima kikapotea. Ikabaki chai tu, kijani kiunoni, tambarare kama meza iliyotandikwa kwa ajili ya wageni wasioonekana. Drusilla alinyoosha mkono, na vidole vyake vikaingia mahali asipoweza kuviona.

"Njia ni gani?"

"Tufuate mstari," Rodah alisema. "Mstari wa chai hushuka barabarani."

Alisema hivyo kwa sababu hivyo ndivyo alivyojua. Chai yake mwenyewe, Kipkurui aliipanda kwa kamba, kutoka mlangoni hadi barabarani, imenyooka kama mwanajeshi. Miaka thelathini Rodah alikuwa ameingia mstarini juu na kutokea chini. Hakuwa amewahi kuchuma katika shamba kubwa hata siku moja.

Wakaingia kati ya mistari. Matawi yaliwakwaruza mapaja, matope yakavuta gambuti. Kisha mvua ya mawe ikaja. Kericho na Bomet mawe ni jambo la kila wiki, lakini haya yalikuwa makubwa kama njugu, na yalipiga chai kwa sauti ya maharage yakimwagwa kwenye bati. Rodah aliinama juu ya kikapu, mgongo ukapokea yote. Mawe yalipokoma, ulikuja ukimya, na ndani ya ukimya huo mguu ukakanyaga.

Haukuwa wao.

Ulikanyaga mstari wa pili, upande wa kushoto. Chwa. Chwa. Chwa.

"Weldon?" Drusilla aliita.

Nyayo zikasimama. Wao wakatembea, nazo zikatembea. Wakasimama, nazo zikasimama, ila hatua moja baadaye, kama mtu anayejifunza.

"Ni ng'ombe," Drusilla alisema.

"Ng'ombe akiwa na adabu hivyo, ni wa nani?"

Walikazana. Drusilla akakanyaga pasipo na ardhi, mguu ukazama kwenye mtaro uliofichwa na majani, kifundo kikapinda. Hakulia. Alisema neno moja la Kikisii ambalo Rodah alilielewa bila kufundishwa. Mguu ulianza kuvimba papo hapo.

Rodah akamwegemeza begani, kikapu mgongoni, wakaenda kama mnyama mmoja mwenye miguu mitatu. Baridi iliingia kwenye mifupa. Walitembea saa nzima, labda zaidi. Barabara haikuja.

Kilichokuja ni shimo la mtaro, na tawi lililovunjika kando yake, na alama ya gambuti ya Drusilla pale ilipozama.

Wakasimama wakiitazama.

"Tumerudi," Drusilla alinong'ona.

Rodah akainama. Alikuwa anatazama matope. Nyayo zao za mwanzo zilikuwa pale, za wanawake wawili. Na juu ya nyayo zao, ndani kabisa ya alama ya kisigino chake mwenyewe, kulikuwa na nyayo nyingine. Kucha nne, kiganja kipana kama sahani ya kikombe.

Fisi. Na hakuwa tena kushoto. Alikuwa amewafuata nyuma, raundi nzima.

Nyanya yake Rodah, kabla ya kubatizwa, alikuwa amemsimulia jinsi watu wa zamani walivyowatoa wafu wao jioni, upande jua linakotua, wakawaachia fisi, na hawakumwita mwizi. Alikuwa kama fundi aliyeitwa kwa kazi. "Yeye hujua kabla yako," nyanya alisema. "Ukimwona anangoja, usimtukane. Hesabu watu wako."

Rodah akahesabu. Walikuwa watatu, na nguvu zake zilitosha wawili.

"Mwachie chake," Drusilla alisema. Alikuwa amekaa kwenye matope, meno yakigongana. "Bot Fancy, sikia. Mimi siwezi kutembea bila wewe. Wewe huwezi kutubeba wote. Anataka mbwa. Mpe tuende."

"Wewe ndiye unasema hivyo?"

Drusilla akainamisha uso. Mwaka wa tisini na mbili, watu wa mpakani walipochomeana nyumba na jirani akamsahau jirani, Drusilla alikaa siku tatu chini ya ghala ya mahindi ya Rodah. Vijana wenye mishale walikuja uani mchana, wakauliza, wakazunguka. Karani alikuwa bado mtoto wa mbwa, na alibweka hata jani likianguka. Siku hizo tatu alilala mbele ya ghala kimya, akiwatazama kwa dharau ile ile ya mizani.

"Ndiyo maana nilikuja," Drusilla alisema polepole. "Kucheka ningecheka nikiwa nyumbani. Lakini yeye amekwisha, mama. Mwangalie."

Rodah akashusha kikapu. Kiunoni alikuwa na kisu cha kupogolea chai, kilichopinda kama ukucha. Kama ni kumwacha, hangemwacha akiwa na uhai aanze kuliwa. Akakishika kisu. Mkono wa pili ukatafuta shingo ya Karani, ukapata mshipa, unapiga mbali, kama mtu anayepasua kuni kijiji cha pili.

Kule mstarini kitu kilivuta pumzi.

Hapo akakumbuka neno jingine, la mama mkwe wake, aliyekuwa hodari wa ng'ombe na mbaya kwa kila kitu kingine. Mnyama mgonjwa, mpe maji kwa kiganja mara tatu. Akinywa, bado ni wako, mhangaikie. Akikataa zote tatu, ameshaaga. Ukimsumbua unajisumbua wewe.

Siku tano Rodah alikuwa amempa maji kwa bakuli. Kwa kiganja hakuwa amempa. Aliweka kisu chini, akaokota mawe ya mvua, akayashika mpaka yakayeyuka, akapeleka mkono mdomoni.

Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili hakuna kitu. Drusilla alikuwa ameacha kutetemeka, akitazama.

Mara ya tatu ulimi ukatoka, mweupe, mzito. Ukalamba. Ukalamba tena. Koo likapanda, likashuka.

Rodah akasimama, akageukia ukungu.

"Wewe unayetembea na sisi," alisema, kwa sauti ya kuzungumza na mgeni mlangoni. "Najua kazi yako. Lakini huyu anakunywa, kwa hiyo umekuja mapema. Siku atakayokataa nitamleta mwenyewe, hapa hapa. Usitufuate tena, mguu wako unatuchanganya."

"Na huyo fisi akikubali?" Drusilla alinong'ona.

"Atakuwa na akili kuliko majirani zetu."

Kulikuwa na sauti ya maji tu. Rodah akaisikia sasa, kwa mara ya kwanza. Mawe yalikuwa yanayeyuka, na maji yakapita juu ya gambuti zake, kutoka kulia kwenda kushoto. Hayakufuata mstari. Yaliukata.

Akakumbuka kwamba tangu waanze, maji yalikuwa yanatoka kulia.

"Mama Valary! Hii mistari haishuki. Imezunguka kilima, kama shanga shingoni! Tungetembea mpaka Krismasi."

"Sasa?"

"Tufuate maji. Yenyewe hayajui kupotea."

Lakini kufuata maji ni kukata mistari, na chai ya shamba kubwa haikatwi kirahisi. Vichaka vimeshikana kama watu wa ukoo mmoja kwenye mazishi. Rodah akakiinua kikapu, akakilaza juu ya chai. Meza ile ya kijani ilikuwa na utelezi wa mawe, na kikapu kikateleza kwenda mbele kama ungo. Yeye akatambaa chini, kati ya mashina, uso matopeni, akatokea mstari wa pili, akakivuta. Kisha akarudi kumchukua Drusilla.

"Lala juu."

"Juu ya chai? Mimi ni nyanya!"

"Lala, nyanya."

Drusilla akalala kifudifudi juu ya meza ya chai, akiwa ameshika fito, Rodah akavuta upande wa pili. Mstari wa tano Drusilla alianza kucheka. Mstari wa kumi na mbili walicheka wote, kicheko kibaya cha baridi, na ukungu ukawarudishia sauti zao zikiwa na mtu wa tatu ndani yake. Wakanyamaza haraka. Hawakuhesabu tena. Magoti ya Rodah yalichubuka, na mikono ikachanwa. Kila mstari alitia kidole mdomoni mwa Karani, na kila mara ulimi ulisogea.

Nyayo hazikusikika tena.

Mto ulisikika kabla ya kuonekana. Kando yake palikuwa na njia ya ng'ombe, na mwisho wa njia harufu ya dawa ya josho, na pikipiki ikiwashwa.

"Daktari!" Drusilla alipiga kelele iliyomwondoa Hezekiah kwenye kiti. "Zima hiyo kitu!"

Hezekiah alitazama wanawake wawili wenye rangi ya udongo, akatazama kikapu, akafungua kope la mbwa kwa kidole gumba.

"Mama, amechelewa sana. Niko na sindano ya kutibu na niko na ya kulaza. Kwa kweli, ningeshauri ya kulaza."

"Anakunywa," Rodah alisema.

"Kunywa sio..."

"Anakunywa, kijana yangu. Mtibu."

Akamtibu.

Karani aliishi mwaka mmoja na miezi miwili. Alirudi kwenye mizani, akazeeka, dharau ikazidi. Rodah hakumcheka tena mtu aliyelilia mnyama, na kila alipopita chini ya kilima kile alisalimia, bila kusema anamsalimia nani.

Januari ya tisini na tisa tumbo la Karani lilijaa maji na miguu ikakataa. Hezekiah alikuja mpaka nyumbani. "Naweza kumdunga," alisema. "Ataongeza wiki moja, pengine mbili."

Rodah akachota maji kwa kiganja mara tatu. Mara tatu Karani aliyatazama, kisha akamtazama yeye, bila dharau. Hakunywa.

"Asante, daktari," Rodah alisema. "Safari ile ilikuwa ya kumtibu. Hii ni ya kumsindikiza."

Alasiri wakapanda kilima, Rodah na kikapu, Drusilla na fito yake. Walikaa kando ya ule mtaro, kichwa cha Karani kikiwa mapajani, mpaka pumzi ikaisha, polepole, kama mtu anayefunga mlango asiwaamshe walio ndani. Wakamrudisha kikapuni na kumwacha mstarini.

"Mchungaji wa kanisa akiuliza?" Drusilla alisema.

"Tulimzika."

"Kwa jembe gani?"

"Mwambie ni la kuazima."

Asubuhi walirudi kuchukua kikapu. Kilikuwa kimesimama wima, kitupu, kikavu, na majani yote yaliyokizunguka yakiwa na umande. Kwenye udongo laini zilianza nyayo, kucha nne, pana kama sahani ya kikombe. Na kando yake, mguu kwa mguu, nyingine ndogo. Zilikwenda pamoja ndani ya ukungu. Hazikurudi.

Drusilla akamshika mkono. "Bot Fancy. Mbwa aliyekufa hatembei."

"Waambie wao."

Rodah alivaa mkanda wa kikapu. Ilikuwa siku ya kupima majani. Aliutazama mstari ule mpaka pale ulipopinda na kumezwa na weupe.

"Usijali," alisema. "Hiyo mistari naijua sasa. Watazunguka, watapita hapa tena."