Kamba ya Chumba cha Nne

Mwanaheri alikuwa anapiga pasi shuka ya tatu pale Pazi, mtu wa injini, aliposimama mlangoni akijifuta grisi.

"Mama Samia, leo hakuna upepo. Mkanda wa injini umekatika tangu asubuhi."

Mwanaheri aliweka pasi kando. Mwisho wa ukumbi, pazia la chumba cha nne lilikuwa linapepea.

Nyumba ilikuwa ya meneja wa shamba la mkonge, Mzungu aliyekwenda kwao likizo ya miezi sita. Meneja huyo alikuwa amefunga darini feni kubwa ya kuendeshwa na injini, na mabomba ya bati ya kupeleka upepo vyumba vinne. Kila bomba lilikuwa na kilango, kila kilango na kamba yake, zote zikining'inia ukutani jikoni. Ukifungua vyote, kila chumba kinapata kidogo. Ukifungua kimoja tu, pazia linalala hewani kama ubao. Mwanaheri, mjane, aliachiwa nyumba akae na bintiye, aendeshe upepo kila alasiri vitabu visiote ukungu. Jirani hakuwapo. Ni mkonge tu, mpaka macho yachoke.

Chumba cha nne kilikuwa cha wageni, na mgeni hajawahi kulala humo. Kamba yake ilikuwa imefungwa.

"Labda upepo wa nje," Pazi alinong'ona.

"Madirisha nimeyafunga mwenyewe."

Hapo wakasikia harufu ya ubani, na ndani ya chumba kile Samia akacheka.

Mwanaheri alikimbilia ndani. Mtoto alikuwa amesimama juu ya kitanda, mdomo kwenye tundu la bomba.

"Unaongea na nani?"

"Na mgeni. Anasema wewe ndiye uliyemwita. Anataka nihamie huku, kwa sababu wewe kila siku umechoka, huongei na mtu."

Mwanaheri alimshika mkono, na mkono ulikuwa wa baridi kama samaki wa sokoni, akamvuta, na mtoto hakuja, ila tundu lile lilianza kuvuta pumzi, polepole, likivuta nywele za Samia na ncha ya kanga ya mama yake, mpaka Pazi akaingia akisoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti ya kukatika, wote wawili wakamng'oa mtoto.

Pazi alipanda baiskeli kwenda Mtanda. Alirudi na Bibi Moza, mganga, kwenye keria, mkanda mpya umening'inia shingoni mwa bibi kama mkufu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ubani unafukizia wapi?"

Mwanaheri alionyesha tundu kubwa la ukumbini, feni inapovutia hewa. "Chini ya hapo. Kila Alhamisi nafungua vilango vyote, moshi unafika vyumba vyote mara moja. Nilichoka kuzunguka na chetezo."

"Loo, mwanangu! Chumba kisicho na mtu hakifukizwi. Kila Alhamisi umekuwa ukimtandikia mgeni usiyemjua."

Pazi alifunga mkanda, injini ikanguruma. Moza alifungua dirisha la chumba cha nne, akanyunyiza marashi, akasoma. Jikoni Mwanaheri alifunga vilango vitatu akaachia cha nne, na upepo wote wa nyumba ukamiminikia chumba kimoja, ukapiga kelele kwenye bati kama mtu anayeburutwa kwa miguu, pazia likatoka dirishani, likabaki linaning'inia nje, kisha kimya.

"Amekwenda," Moza alisema. "Funga."

Mwanaheri alifunga, akaikaza kamba kwa mafundo mawili. Akafungua kilango cha chumba cha kulia peke yake, jasho la watu likauke, akapakua wali na kibua. Akahesabu kwa kidole, kama anavyofanya daima: Bibi Moza, Pazi, Samia, yeye. Wanne. Wote wapo.

Kilango kimoja tu kilikuwa wazi. Alitazama pazia la chumba cha kulia.

Liliinuka nusu, kama siku ambayo vilango viwili viko wazi.