Skrubu Nane za Cherehani ya Mama

"Dada mfasiri, umeandika neno moja mara thelathini na nne."

Mhakiki wa kazi zangu ana sauti ya upole hata anapokuchana. Nikaisogeza simu sikioni vizuri.

"Neno gani?"

"Fakka. Ondoa kifuniko, fakka. Ondoa mpira, fakka. Ondoa waya, fakka. Mtu akiyafuata maelekezo yako, hiyo pampu ya maji ataivunja kabla ya ukurasa wa tano."

"Sasa mimi nifanyeje? Kiingereza chenyewe kimeandika 'remove' kuanzia mwanzo hadi mwisho!"

"Kiingereza kinajiachia tu. Kiarabu kinataka kujua kitu kimeshikiliwa vipi. Kimekazwa kwa skrubu? Kimebanwa? Kimegandishwa? Hebu niambie ukweli, umeiona hiyo pampu ikifunguliwa?"

Nilikuwa na kamusi tatu mezani na kompyuta moja, lakini pampu nilikuwa nimeiona kwenye mchoro tu.

"Nipe mpaka Jumamosi," nikamwambia.

Zamani kosa hilo nisingelifanya, nasema bila kujisifu. Zamani sikufasiri kitenzi chochote cha kufungua kitu kabla sijakiona kitu chenyewe kikifunguliwa. Nilikuwa na fundi wangu. Yeye anafungua, mimi nimekaa kwenye stuli pembeni yake na daftari, naandika: hiki kinalegezwa, hiki kinachomolewa, hiki kinabanduliwa. Nilimwita Spana. Yeye aliniita Kamusi. Kwa miaka mitatu karakana yake ndiyo ilikuwa ofisi yangu, na tulikuwa tumebakiza mwezi mmoja tufunge ndoa aliponiambia nisikanyage pale tena.

Miaka saba imepita. Nikampigia dada yangu, anayejua kila kitu cha kila mtu.

"Dada, pampu ya aina hii naweza kuiona wapi?"

"Anayo mtu mmoja tu mji mzima, na unamjua."

"Usimtaje."

"Kwani nimemtaja? Ila ukichelewa shauri yako. Jumamosi anafunga karakana. Anahamia kwa kaka yake, mbali huko. Anaondoka na mama yake, hawarudi."

"Wewe umejuaje?"

"Nilimpelekea feni yangu. Mliogombana ni ninyi, feni yangu imekosa nini?"

Nilikata simu nikabaki naukodolea macho ukuta. Kwa miaka saba nilikuwa najiambia nimeshamsahau, kumbe nilikuwa najua tu kwamba yupo palepale, mitaa minne kutoka kwangu. Akiondoka Jumamosi ndiyo basi. Na leo ilikuwa Alhamisi.

Namba yake nilishaifuta kwenye simu, lakini vidole vilikuwa bado vinaikumbuka.

"Habari. Ni mimi, mfasiri. Naomba kuona pampu ikifunguliwa. Ni kazi tu."

Jibu likaja kabla sijaiweka simu mezani.

"Kazi tu. Kesho saa tatu asubuhi. Njoo na daftari."

Nililala na daftari jipya mezani. Asubuhi nikafungua kabati nikachukua la zamani, lile lililotoka jalada. Msiniulize kwa nini.

* * *

Karakana ilikuwa inanuka vilevile, grisi na sabuni ya unga. Ukutani kulikuwa bado na michoro ya rangi nyeupe kuonyesha kila spana inakaa wapi, ila spana nyingi zilishaingia kwenye maboksi na michoro ilikuwa mitupu. Kikombe changu cha bluu kilikuwa kwenye msumari wake.

Spana alikuwa ameinama mezani. Mvi mbili tatu. Mabega yaleyale.

"Umefika," akasema bila kugeuka.

"Nimefika. Hiki kikombe bado unacho?"

"Msumari ulikuwa hauna kazi nyingine."

Nikakaa kwenye stuli. Akatandika mezani kile kitambaa chake cheupe cha kupangia vipande, au kilichokuwa cheupe zamani, akaiweka pampu katikati.

"Tuanze?"

"Tuanze. Polepole."

"Nilikuwa nafanya haraka lini?"

Nikajikuta natabasamu, nikaliinamia daftari haraka asije akaona.

Akashika bisibisi. "Skrubu nne za kifuniko. Hizi unazizungusha."

"Hapo ndipo fakka. Hapo ni pake."

"Kifuniko chenyewe hakijakazwa na chochote. Unakiinua tu."

"Basi si fakka. Rafaa. Kukiinua."

"Huu mpira wa kuzuia maji umejibana kwenye mfereji wake. Unauvuta, na una ubishi."

"Nazaa. Kuvuta kitu kisichotaka kutoka."

"Kama jino lako lile."

Mwaka wetu wa kwanza niling'oa jino, akanisindikiza, na aliyezimia ni yeye. Nikacheka kwa sauti. Naye akacheka, kisha sote wawili tukakumbuka kwamba ni kazi tu, tukarudi kwenye pampu.

"Waya?" nikauliza.

"Waya unautenganisha na chanzo chake."

"Fasala. Endelea."

Akaendelea. Kila alipofungua kitu niliuona mkono wake ukitangulia kukigusa kwanza, kama anakiomba ruhusa. Nilikuwa nimesahau hilo. Siwezi kusema uongo, roho iliniuma.

"Unahama kweli?" nikamuuliza.

"Kesho."

"Kwa nini?"

"Kaka ana karakana kubwa. Mama anazeeka." Akapuliza vumbi kwenye beringi. "Na hapa hakuna kinachonishika."

Nikaandika kitu daftarini, hata sikujua naandika nini.

"Nipokee hizi," akasema. Alikuwa amelala nusu juu ya pampu, mkono mmoja umezama ndani, mwingine unanipa nati na washa moja moja kwa jinsi zinavyotoka. Nikapokea ya kwanza, nikaiweka kwenye kitambaa. Ya pili, nikaiweka pembeni yake. Ya tatu.

Mkono wake ukasimama hewani.

"Ngoja. Ya kwanza ni ipi hapo?"

"Hii." Nikagusa iliyokuwa mwisho kabisa, upande wangu wa kulia.

"Hiyo ya kulia?"

"Ndiyo. Kisha hii, kisha hii. Naelekea kushoto."

"Unaanzia kulia?"

"Siku zote naanzia kulia. Kutwa naandika Kiarabu, ulitaka nianzie wapi?"

Akajinyoosha taratibu, grisi hadi kwenye kiwiko. Alikuwa ananiangalia kama mtu aliyeitwa kwa jina na sauti asiyoitegemea.

"Na siku ile," akasema, "siku ya cherehani ya Mama. Ulipanga hivihivi?"

Niwarudishe nyuma kidogo. Cherehani ile ya mama yake ilikuwa ya zamani, ya chuma kizito, na aina yake Spana hakuwahi kuifungua. Alianza kuifungua mbele yangu, tufanye kazi mbili kwa mpigo: yeye aisafishe, mimi nipate vitenzi vyangu. Kwa kawaida vipande alivipanga mwenyewe kwenye kitambaa, vifuatane, ili wakati wa kurudisha aanze na cha mwisho. Lakini siku ile mkono wake mmoja ulikuwa na bandeji. Akafungua yeye, nikapanga mimi. Kulikuwa na skrubu nane zinazofanana kama watoto wa shule waliovaa sare, zimepishana urefu kidogo tu. Mimi nikaenda nyumbani. Asubuhi yeye akazirudisha peke yake. Skrubu ndefu ikaingia kwenye tundu la fupi, ikausukuma mkono wa chuma wa kuvuta uzi, ukakatika.

"Ulizichanganya," aliniambia siku ile.

"Sikuchanganya hata moja! Wewe ndiye hukuwa makini."

Mama yake akatamka kwamba msichana wa vitabu kamuulia cherehani yake. Mimi nikasema kama familia nzima inaniona mwongo, harusi ya nini. Jioni ukaja ujumbe: "Usije tena karakana." Nikajibu: "Sawa." Maneno manne jumla, yakamaliza miaka mitatu.

"Nilipanga hivihivi," nikamjibu sasa. "Kulia kwenda kushoto. Na wewe ulisoma..."

"Kushoto kwenda kulia. Kama nilivyopanga maisha yangu yote."

"Kwa hiyo hukukosea."

"Wala wewe hukuchanganya." Akakaa chini kwenye boksi la spana zake. "Kamusi, miaka saba! Ningekuuliza swali moja tu. Moja! 'Ya kwanza ni ipi?' Nikaona fundi mzima siwezi kumuuliza mtu wa daftari."

"Na mimi ningekuja kuangalia. Nilijua sijakosea, nikatosheka na hilo."

"Nilikuita mwongo."

"Uliniita."

"Nisamehe."

"Na mimi nisamehe. Nilikujibu 'sawa', na haikuwa sawa hata kidogo."

Machozi yakanitoka, sikuyazuia. Akataka kunifuta, akaona mikono yake, akanipa kona ya kitambaa iliyokuwa safi. Tukacheka tena, mimi nikiwa na kamasi.

Akaingia chumba cha nyuma akarudi na boksi zito. Ndani yake kulikuwa na cherehani, vipande vitupu. Juu yake, kimefungwa kwenye karatasi laini, kulikuwa na kipande kipya cha chuma kinachong'aa.

"Mkono wa kuvuta uzi," akasema. "Niliuchonga mwaka wa pili. Ila baada ya siku ile nilivimwaga vyote ndani kwa hasira. Mpangilio sikuukumbuka tena, nikaogopa kuivunja mara ya pili."

"Mpangilio ninao mimi."

"Wapi?"

Nikafungua daftari la zamani, lile lisilo na jalada. Kurasa mbili, kuanzia juu kwenda chini, hatua moja moja kwa mwandiko wangu: skrubu fupi ya nyuma, legeza. Skrubu ndefu ya kwanza, fungua. Springi, chomoa. Kila kitenzi na Kiarabu chake, kila kipande na urefu wake.

Spana alilisoma akiwa amesimama. Alipomaliza akalirudia.

"Hili lilikuwa kabatini kwako?"

"Miaka yote."

"Na mimi nililala na boksi chini ya kitanda."

Tulifika mwisho wa pampu saa sita mchana. Nilikuwa na vitenzi kumi na vinne mahali pa kimoja. Akanawa mikono, akaniuliza:

"Na sura ya kuirudisha, nayo ni ndefu hivi?"

"Ina mstari mmoja tu. Inasema fuata hatua zote kinyume, ukianzia na ya mwisho."

"Basi?"

"Basi. Vitabu vyote vya mashine viko hivyo."

Akaendelea kuikausha mikono ambayo ilishakauka.

"Sisi hatua yetu ya mwisho ilikuwa ipi?"

Nilimwelewa palepale. "Jibu langu. Kabla yake, ujumbe wako."

Akatoa simu mfukoni, akaandika kwa kidole kimoja kama kawaida yake. Simu yangu ikaita ndani ya mkoba, hatua mbili kutoka kwake.

"Njoo tena karakana. Kila siku."

Nikaandika: "Sawa." Safari hii ilikuwa sawa kweli.

"Na Jumamosi?" nikamuuliza kwa mdomo.

Alifungua boksi la kwanza, akatoa spana namba kumi, akaitundika ukutani kwenye mchoro wake. Kisha namba kumi na mbili. Akaendelea hivyo mpaka boksi likabaki tupu, ndipo akampigia kaka yake.

"Kaka, nisamehe. Siji... Hapana, siumwi. Kamusi karudi."

* * *

Jumamosi, baada ya kumtumia mhakiki kazi yake, tuliifunga cherehani. Mimi nilisoma daftari kutoka chini kwenda juu, yeye akakaza. Skrubu nane, kila moja tundu lake. Mama akaletwa akiwa ameshikwa mkono.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mtu wa vitabu." Akaniangalia kwa muda. "Umekonda. Ni kwa kulia miaka yote hii?"

"Mama, si yeye aliyeiharibu," Spana akaanza. "Yeye alipanga kulia kwenda kushoto, mimi..."

"Nimeshasikia, umenieleza tangu jana mara kumi." Akavuta kiti, akapitisha uzi bila miwani, akazungusha gurudumu. Cherehani ikakohoa, ikasita, halafu ikaanza kuimba ule mlio wake. Mama akafunga macho. Akamshika mkono mwanawe, na mwingine akanishika mimi.

"Nilikusema vibaya, mwanangu. Na wewe ukaondoka ukakiacha chakula changu mezani. Tumelipizana, yaishe."

"Yameisha, Mama."

"Leteni hicho kitambaa chenu."

Tukampa kile cha kupangia vipande, chenye madoa ya miaka kumi. Akachagua uzi mwekundu. Akauliza mwanzo ni upande gani. Mimi na Spana tukajibu kwa pamoja, yeye kushoto, mimi kulia. Mama akatutazama, akatikisa kichwa.

"Chagueni mmoja. Mimi nasubiri."

"Kulia," akasema Spana. "Nitazoea."

Mama akashona mshale mrefu mwekundu, kutoka kulia kwenda kushoto, mishono miwili miwili ili usifumuke. Akakata uzi kwa meno, akatukunjia kitambaa.

"Haya. Wajukuu wangu wasije kuniulia hii cherehani mara ya pili. Sasa nipeni vipimo vya hiyo nguo ya harusi, maana mwezi mmoja mlioubakiza umeshachelewa miaka saba."