Mwaliko wa Mwenye Maji

Mwaliko ulipoingia kwenye grupu la kazini, kila mtu alikuwa ameshaukubali, na hakuna aliyejua umetoka kwa nani.

Euphrasia aliusoma akiwa mezani kwake, ofisini Kharumwa, uji wake bado wa moto. Kikao. Saa sita mchana. Mahali: chini. Pale panapokaa jina la mwandaaji palikuwa patupu. Akadhani ni Fredy, dereva wao, maana Fredy alikuwa mtu wa kuchokoza hata msibani.

Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo, ya kukodisha pampu kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, kutoka Kharumwa mpaka karibu na Bulyanhulu. Duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, likijaa maji, wao wanayatoa. Wafanyakazi walikuwa wametapakaa porini na ugonjwa wao mkubwa ulikuwa kutojibu. Bosi, Mzee Cornel, angeandika "tukutane kesho", wote wangesoma, kisha kimya kama maji mtungini. Lawama zilimwangukia Euphrasia, mratibu wa ofisi.

Ndipo akatafuta dawa. Alijifundisha kwa video za mtandaoni namna ya kuunganisha grupu na kalenda bila kuandika hata mstari mmoja wa msimbo wa kompyuta: unavuta kisanduku hiki, unakifunga na kile, kazi imekwisha. Mtu akiandika kwamba anataka kikao, mfumo ulipekua kalenda za watu, ukachagua saa ambayo wote wana nafasi, ukatuma mialiko. Mpaka hapo hakuna ubaya. Lakini Euphrasia hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Akaongeza kisanduku kimoja cha mwisho: asiyejibu, mfumo umjibie. "Nakuja." Mzee Cornel alifurahi nusura amwongeze mshahara.

Mdogo wake Donatus, fundi pampu wa kampuni hiyohiyo, ndiye pekee aliyekunja uso.

"Dada, unamwitikia mtu ambaye hajasikia?"

"Amesikia. Mvivu tu."

"Bibi alitukataza nini? Jua likiwa utosini, ukisikia jina lako mara moja, nyamaza. Mtu wa kweli atarudia."

"Bibi hakuwa na kalenda," Euphrasia akasema, na wote wawili wakacheka.

Siku hizo walikuwa wameanza kukausha duara moja la zamani, lililotelekezwa kabla wao hawajazaliwa. Maji yake yalikuwa meusi na wenyeji walipita mbali nalo bila kusema sababu. Wazee walimwomba Mzee Cornel aliache. Akawajibu kwamba maji ni maji, na pampu haina dini.

Basi siku ile ya mwaliko, saa sita ilipofika, Fredy aliacha sahani yake ya wali mgahawani, akaondoka hata bila kunawa. Walimkuta ameketi ukingoni mwa duara hilo, miguu inaning'inia, suruali imelowa mpaka magotini ingawa maji yalikuwa mbali sana chini. Pumzi yake ilinuka udongo mbichi na ubani.

"Nimeambiwa nimeshakubali," akasema.

Hakusema tena neno lingine. Ndugu zake walikuja kumchukua, wakarudi naye Ushirombo, naye akapanda gari kama mzigo.

Tangu hapo ofisi haikukalika. Harufu ile ya ubani ilikuwa ikiingia mchana kweupe, madirisha yamefungwa. Pampu zilizozimwa stoo zilisikika zikivuta, na Euphrasia akienda kutazama alikuta ni baridi, lakini mipira yake inadondosha maji meusi sakafuni. Alifungua mfumo wake akavunja kila kiungo, akafuta visanduku vyote, akafuta hata akaunti. Akapumua. Na alipokuwa bado anapumua simu ikatoa mlio, na kwenye grupu ukaingia mwaliko mpya, kikao, saa sita mchana, kesho, chini, safari hii wa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa Donatus, Donatus ambaye Euphrasia alimlea mgongoni mama yao alipokuwa shambani, na mbele ya jina lake, wakati yeye mwenyewe yuko uani anafunga spana zake na kupiga mluzi bila kujua lolote, palikuwa pameshaandikwa: Nakuja.

Euphrasia alikuwa mwanakwaya, kwa hiyo aliingia kwa Nyamizi kwa mlango wa nyuma. Nyamizi alikuwa mfumu, mganga aliyejulikana mpaka Geita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Kaa. Unanuka maji ya mtu."

Euphrasia akamweleza yote, sauti yake ikiwa chini kama mtu anayeungama. Nyamizi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwenye maji mmemtoa kwake, naye anatafuta wa kurudi nao," akasema. "Lakini jini hachukui mtu asiyeitika. Nani aliitika?"

"Hakuna, mama. Ni mfumo."

"Huo mfumo ni mtoto wa nani?"

Euphrasia akainamisha kichwa. "Wangu."

"Basi uliitika wewe. Na mtakaokataa ni nyinyi, kwa vinywa vyenu."

Kesho yake, kabla jua halijafika utosini, walisimama ukingoni mwa duara: Nyamizi na kibuyu chake cha maji ya unga wa mtama, Euphrasia, Donatus, na Mzee Cornel. Nyamizi akamwaga maji ya unga chini, akaongea Kisukuma cha zamani. Ubani ukapanda kutoka shimoni. Kisha Donatus akakohoa na kusema, "Mimi Donatus sikuitika. Siji." Kila mmoja akasema lake. Euphrasia akamalizia, machozi yakimtoka, "Niliyewaitikia ni mimi. Nalifuta neno langu." Maji meusi, ambayo hakuna jiwe lililoyagusa, yakajizungusha polepole mara moja, yakatulia.

"Amesikia," Nyamizi akanong'ona. "Ila majina yenu anayo. Kuanzia leo, jua likiwa utosini, mtu akiwaita mara moja msiitike. Mwenye maji haiti mara mbili. Anayerudia ni binadamu."

Mialiko ikakoma. Fredy, huko Ushirombo, akaanza kuomba chai. Ofisini watu walizoea kuitana mara mbilimbili, wakacheka wenyewe, na Euphrasia akarudi kulala usingizi wake. Hakufurahi kusikia Mzee Cornel amemtuma Donatus kung'oa pampu iliyobaki kwenye lile duara, lakini ni kazi ya asubuhi tu, Donatus alisema, dada usijipe presha.

Saa sita mchana simu ya Euphrasia ikaita. Donatus.

Mkono wake ulikwenda ukasimama juu ya kioo. Jua lilikuwa utosini. Akaitazama simu ikiita, akajiambia huyu si yeye, na kama ni yeye atarudia, ni mdogo wangu huyu, anajua, atarudia, akahesabu pumzi zake mpaka mlio ukakatika, akangoja, akaendelea kungoja hadi jasho la kiganja likalowesha karatasi za mezani, na simu haikuita tena.

Walimtoa alasiri. Ukingo ulikuwa umemeguka chini ya miguu yake wakati wenzake wamekwenda kula. Alama za matope zilionyesha alivyoning'inia kwenye mpira wa pampu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili, wakasema, bila shaka alikuwa anapiga simu, kwa sababu simu yake haikuwamo mfukoni. Ilibaki chini ya maji.

Kutoka ofisini mpaka pale ni mwendo mfupi tu wa bodaboda. Euphrasia alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, na hakulia. Siku ya mazishi alikaa mkekani kando ya jeneza, wanawake wakimshika mabega, wakimngoja padri. Jua likapanda. Katikati ya wimbo akasikia harufu ya ubani, akafikiri ni wa kanisa.

Simu ikaita mfukoni mwake.

Akaitoa. Kwenye kioo lilikuwa jina la Donatus, na ndani ya jeneza, mbele yake, alikuwa Donatus. Lakini hii ilikuwa mara ya pili, na Nyamizi alikuwa amesema anayerudia ni binadamu, na yeye kwa siku hizo zote hakuwa ameomba kitu kingine kwa Mungu ila mdogo wake arudie kumpigia, mara moja tu, ili safari hii asimnyamazie.

Akaiweka sikioni. Upande wa pili palikuwa na maji yanayojizungusha polepole, kisha sauti anayoijua tangu utotoni ikamwita kwa upole, "Dada?"

"Nakuja," Euphrasia akasema kwa kinywa chake mwenyewe, akasimama mkekani. "Nakuja, mdogo wangu. Nakuja."