Mwangwi Msibani

Rafiki yangu ni fundi sauti. Alikuwa akirusha mubashara mazishi ya bibi yake kwa ndugu walio mbali. Baba yake alipoanza kusoma wasifu wa marehemu, kila neno likajirudia.

"Hata mama yangu tusimzike kwa heshima?" shangazi alimnong'oneza. "Watu wanatucheka!"

Aibu ikamshika rafiki yangu, akatamani ardhi immeze. Akapunguza spika, akazima simu iliyokuwa ikipokea matangazo hayohayo. Mwangwi haukukoma.

Kisha baba akalemewa na kilio, akanyamaza, kiganja mdomoni. Kwenye hedifoni, sauti yake iliendelea kusoma, kavu kabisa, bila dalili ya kilio.

Baba alipofuta machozi na kuendelea, alisoma maneno ambayo rafiki yangu alikuwa ameshayasikia.